Usiniambie, Sijaona

Jumatatu, 1 Juni

Mvua. Nimenunua daftari hili leo kwa sababu nikiendelea kuongea peke yangu Kipaza atakitangazia kiwanda kizima kwamba nimechanganyikiwa. Kipaza ndiye ninayekaa naye chumba kimoja. Tumetoka nchi moja, na hilo ndilo jambo pekee tunalofanana. Ukimwambia siri asubuhi, ikifika mchana hata mpishi wa kantini anakupa pole. Ningepewa nafasi ya kuchagua wa kukaa naye, ningechagua ukuta.

Kiwanda chetu kinafua shuka za mahoteli. Mimi na Kipaza tunalisha mashine ya pasi: yeye anashika pembe ya kushoto, mimi ya kulia, tunanyoosha, tunaitia kwenye rola, inaondoka, tunachukua nyingine. Mmoja akiachia, shuka inaingia imekunjamana na mashine inasimama, kwa hiyo huwezi hata kujikuna bila mwenzako kukubali. Saa moja asubuhi msimamizi anakusanya simu zote kwenye kapu, anafunga mlango wa chuma, anapuliza filimbi. Tunamwita Filimbi. Pasipoti zetu ziko kwenye kabati lake mpaka msimu wa wageni uishe, mwisho wa Septemba. Huu ni mwaka wangu wa nne.

Alhamisi mashindano yanaanza kule nyumbani, na timu yetu imo. Mechi zinachezwa saa moja ya usiku kwao, na hapa kwangu ni saa tatu ya asubuhi, nimeshika pembe ya shuka. Narudishiwa simu saa kumi na moja jioni, wakati wenyewe kule wamelala fofofo. Ndiyo maana familia yetu ina sheria: hakuna anayeandika chochote kwenye kundi mpaka mimi niangalie marudio niseme "nimeona". Mama, mdogo wangu Kibonge, shangazi, binamu wote, wanakaa kimya kwa ajili yangu. Sheria aliiweka Baba.

Baba alipiga mistari ya uwanja wa mpira wa mji wetu kwa miaka thelathini na moja, kwa kamba na mkokoteni wa chokaa. Mtaani ni Mzee Chokaa. Kila mashindano anaweka nadhiri. Mwaka mmoja hakunyoa ndevu mpaka timu ilipotolewa. Mwaka mwingine alilala sakafuni, na sisi watoto tukashuka tukalala naye, Mama akabaki kitandani peke yake akitutukana. Mwaka huu nimemuuliza nadhiri ni nini, akasema ni siri yake na Mungu.

Alhamisi, 4 Juni

Kipaza ni shetani. Saa sita dereva wa lori la shuka chafu alimnong'oneza matokeo, naye akaja mezani na sahani yake, akanitazama, akavimba kama andazi, akapasuka: "Moja bila! Tumeshinda!" Nilimmwagia maji ya kunywa. Filimbi ametuandikia onyo wote wawili.

Jioni nimeangalia mechi ambayo nilishaijua. Si mechi hiyo, ni kupiga pasi nguo iliyokwisha kupigwa.

Ijumaa, 5 Juni

Shuka. Mvua. Sisemi na Kipaza.

Jumapili, 7 Juni

Hata bila kusemeshana tunalisha vizuri. Mikono inaongea yenyewe, ukivuta anavuta.

Nimesikiliza tena ujumbe wa sauti wa Baba wa mechi ya kwanza. Kila mechi ananitangazia kwa simu vipande vipande, nami jioni naweka picha upande huu na sauti yake upande ule. Anaanza vilevile siku zote: "Mchambuzi wangu, mistari imepigwa vizuri leo," au "mistari leo ni aibu, nani kampa mlevi mkokoteni." Ndipo anataja wachezaji. Niliona anataja wachezaji taratibu, anapumzika katikati. Nikasema ni uzee.

Jumatatu, 8 Juni

Sare, bila kwa bila. Kipaza alikula chakula chote cha mchana ameinamia sahani asinitazame. Kumbe anaweza.

Lakini siandiki kwa sababu ya sare. Kwenye ujumbe wa sita wa Baba, dakika ya sabini hivi, nyuma ya sauti yake kuna magurudumu yanapita kwenye sakafu ngumu, halafu mwanamke anasema waziwazi: "Mzee, punguza sauti, wenzako wamelala. Na huo mguu uinue juu." Baba akakata.

Nimeurudia mara kumi. Nyumbani kwetu hakuna sakafu ya hivyo, na hakuna mwanamke wa kumwambia Baba apunguze sauti akaishi. Ni saa kumi na mbili jioni hapa, kule wamelala. Nasubiri alfajiri.

Jumanne, 9 Juni

Saa kumi na moja alfajiri, saa tisa ya mchana kwao, nilimpigia Kibonge.

"Baba amelazwa tangu lini?"

"Dada, kwanza umeiona mechi?"

"Kibonge! Nitakuja nikuvunje meno!"

Akaanza kulia, mtu mzima ana ndevu. Amelazwa tangu mwezi uliopita. Sukari. Kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kulia kimekataa kupona, kidole kimekuwa cheusi, na cha pili kinafuata. Daktari anataka kukata vidole viwili tu, haraka, kabla sumu haijapanda. Baba amekataa kutia saini.

"Na mkakaa kimya?"

"Baba alisema usiambiwe mpaka utakapoona."

"Nione nini?"

"Mashindano yote."

Sheria ya mpira wameitumia kunifichia mguu wa baba yangu! Shangazi anajua, binamu wanajua, mpaka mtoto wa jirani anajua. Mimi ndiye niliyewafundisha kunyamaza, na wamenyamaza kweli.

Halafu Kibonge akanitajia nadhiri ya mwaka huu. Baba ameapa haingii chumba cha upasuaji mpaka timu yetu itolewe mashindanoni.

Nikasema nipe nizungumze naye. Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Mchambuzi, wamekuambia wambeya hao. Huyu daktari kachora mstari mguuni kwa kalamu, pa kukatia. Umepinda! Nimemwambia alete kamba nimfundishe." Akacheka. Mimi sikucheka. Filimbi alikuwa anapiga hodi vyumbani, ikabidi nikate.

Jumatano, 10 Juni

Nimeomba ruhusa. Filimbi alifungua mkataba wangu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Baba anaumwa."

"Ruhusa ni ya msiba tu."

"Kwa hiyo nisubiri afe ndipo niende kumwona?"

"Mimi sikuandika mkataba. Ukiondoka kabla ya msimu kuisha umefukuzwa, na hurudi tena." Alifunga kabati, akarudisha ufunguo mfukoni. Nyumba yetu nzima inakula kwa shuka hizi, pamoja na dawa za Baba mwenyewe. Nikarudi kushika pembe yangu.

Ijumaa, 12 Juni

Leo ilikuwa lazima tushinde ndipo tuvuke kundi. Nami nimeomba tufungwe.

Naandika hivyo hivyo ilivyo. Tangu saa tatu mpaka saa tano, kila shuka niliyotia kwenye rola niliisindikiza na ombi: wafungwe, wafungwe, watolewe, kipa wetu arudi amevimba macho. Saa kumi na moja nikapewa simu, nikaweka marudio, nikaendelea kuomba, mpaka nikashtuka kwamba naomba juu ya kitu kilichokwisha zamani. Mungu mwenyewe alishalala.

Mbili kwa moja. Tumevuka. Kwenye ujumbe Baba anashangilia mpaka anakohoa, na wodi nzima inashangilia naye. Nimelia kwa goli la timu yangu.

Jumamosi, 13 Juni

Mstari umehamishwa. Si vidole tena, ni nusu ya wayo.

Jumatatu, 15 Juni

Mvua wiki ya tatu. Nguo zetu wenyewe hazikauki, sisi tunaokausha za watu elfu.

Leo alfajiri nilimpigia Baba nikiwa nimejiandaa kumgombeza. Nilimgombeza kweli. Nilimwambia nadhiri ya kujiua si nadhiri, ni ujinga, na kwamba Mama hana mwingine wa kuzeeka naye.

"Baba, unataka nini hasa?"

"Nataka kuangalia mpira na wewe."

"Tunaangalia."

"Wewe unaangalia makombo. Miaka minne. Mimi nashangilia wewe unafua, wewe unashangilia mimi nimelala. Naongea na simu peke yangu, watu wanapita wananiona kichaa." Akavuta pumzi. "Wakinikata nisipoamka, mechi ya mwisho niliyoangalia na mwanangu itakuwa ile ya mwaka ule ulipoondoka, na tulifungwa nne."

Nilikuwa nimemkasirikia mtu mkaidi, kumbe nilikuwa nimemkasirikia mtu anayeogopa.

"Nadhiri inaweza kufunguliwa," akasema. "Angalia na mimi mechi moja. Dakika zote, kwa wakati mmoja, si marudio. Filimbi ya mwisho ikilia nikakusikia upo, nasaini."

"Baba, mechi zinachezwa nimefungiwa ndani!"

"Ndiyo nadhiri. Ingekuwa rahisi tungeiita ahadi."

Jumatano, 17 Juni

Robo fainali. Nilijifanya naumwa. Niliamka nimeshika tumbo, nikajiviringisha, nikataka kubaki chumbani na simu yangu. Filimbi akasema wagonjwa wanalala kwenye chumba cha huduma ya kwanza, mle mle kiwandani, simu kwenye kapu kama kila mtu.

Nimelala muda wa saa mbili nzima kwenye kitanda cha plastiki natazama saa ya ukutani. Saa tatu kamili: wameanza. Saa tatu na dakika arobaini na tano: mapumziko. Saa nne na dakika hamsini: imekwisha, na duniani kote ni mimi tu nisiyejua kama baba yangu anakatwa au hakatwi. Mlango haukufungwa kwa ufunguo lakini ungekuwa na faida gani, nje yake kuna mwingine.

Tumeshinda, goli la dakika ya mwisho. Kibonge ameandika neno moja tu baada ya mimi kusema nimeona: "Goti." Mstari sasa uko chini ya goti. Daktari amesema mstari wa kufuata ni wa juu ya goti, na baada ya hapo hatakuwa na mahali pa kuchora. Nusu fainali ni Jumapili.

Alhamisi, 18 Juni

Nilikuwa nalia bafuni, maji nimeyafungulia yasisikike. Kipaza akaingia bila hodi, akafunga bomba.

"Nimejua tangu wiki iliyopita," akasema. "Kuta za bafu hili ni karatasi. Nakusikia kila alfajiri."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

Nikamtazama. Alikuwa amekasirika.

"Hakuna, nakuambia! Unadhani mimi sina baba? Wangu alifariki nikiwa hapa hapa, msimu wa kwanza, niliambiwa siku tatu baadaye. Tangu siku hiyo jambo nikilijua nalisema, asije mtu akachelewa kama mimi." Akajifuta pua kwa taulo langu. "Hili tu ndilo nimelimeza, na limenikaa kooni kama mwiba. Sasa sikiliza."

Mpango wake ni wa mtu aliyezaliwa kiwandani. Shuka inahitaji watu wawili. Foronya inahitaji mmoja. Tukizificha foronya kuanzia leo, kidogo kidogo, chini ya mikokoteni, Jumapili atakuwa na za kulisha peke yake muda wa mechi nzima, na mashine haitasimama. Simu: anamjua fundi mwenye simu mbovu, tutatia mbili mbovu kwenye kapu tubaki na zetu. Pa kujificha: stoo ya shuka chafu, maana Filimbi hakanyagi mle kwa harufu.

Na mimi nilimmwagia maji huyu.

Ijumaa, 19 Juni

Foronya mia mbili na kumi.

Jumamosi, 20 Juni

Foronya mia nne sitini. Baba nimemwambia: "Kesho." Akasema: "Usichelewe, mimi sisubiri mtu kwenye mpira."

Jumapili, 21 Juni

Naandika kwa mfuatano, nisisahau.

Saa mbili na dakika hamsini na tano niliingia stoo. Mtandao unashika karibu na dirisha dogo la juu tu, ikabidi nipande mlima wa shuka chafu, nikakaa juu yake kichwa kimegusa bati. Simu yangu nikaiweka picha bila sauti. Kwa simu ya Kipaza nikampigia Baba.

"Upo?"

"Nipo, Baba."

"Mistari imepigwa vizuri leo. Ule wa kushoto tu umenenepa, huyo kijana amesimama kujikuna hapo." Nikacheka mpaka nikajiziba mdomo na shuka ya mtu. Mpira ukaanza.

Dakika ya kumi na mbili wodi nzima ikapiga kelele sikioni mwangu. Mimi kwenye picha mpira uko katikati, wanarushiana tu. Nilihesabu. Ilichukua karibu dakika moja mpira ule kufika golini kwangu na kuingia. Goli letu.

Baba akanisikia nikinong'ona 'goli' wakati wodi imekwisha kutulia.

"Uko nyuma," akasema.

Huyu ni mtu aliyewahi kurudia mistari ya uwanja mzima kwa sababu ya kosa la upana wa kidole, timu mbili zinamsubiri. Alisema kwa wakati mmoja. Nikasema, "Kidogo, Baba. Ni picha inachelewa. Si marudio, nakuapia."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama dakika."

Akafikiri. Nilisikia magurudumu yakipita kwake, na pasi ya mvuke ikikoroma kwangu.

"Haya. Basi tutaangalia ya kwako," akasema. "Mimi nikiona nanyamaza. Mpira ukikufikia, tunaongea." Kisha akawageukia wenzake wa wodi: "Jamani, mkishangilia mshangilie chini chini! Mwanangu yuko nyuma!" Mtu mmoja akamwambia atafute wodi yake.

Tukaangalia hivyo. Kipindi cha pili wakasawazisha. Nilijua kabla, kwa ukimya wa wodi, lakini Baba hakusema hata "ah". Mpaka mpira uliponifikia ndipo akasema, "Umeona beki alivyosimama? Anangoja basi." Mara mbili alinong'ona kwamba mguu unamchoma, nikamwambia amwite nesi, akasema nesi anaangalia mpira.

Dakika tisini, moja moja. Muda wa nyongeza. Hapo ndipo tulipokosea hesabu. Foronya za Kipaza zilikuwa za dakika tisini na mapumziko yake. Hatukuweka foronya za muda wa nyongeza! Nilisikia mashine ikibadilika sauti, ikapunguza, ikasimama. Halafu filimbi. Halafu sauti ya Kipaza, kwa mara ya kwanza nikaibariki, inapayuka kiwanda kizima kwamba rola imekula shuka, njooni mwone, njooni wote, moshi, moto, mama yangu! Alimshikilia Filimbi kwa robo saa kwa moshi ambao haukuwapo.

Penalti. Nne kwa nne. Mpigaji wetu wa mwisho anauchukua mpira, kwangu bado anatembea. Mlango wa stoo ukafunguliwa. Filimbi. Alinitazama juu ya mlima wa shuka chafu, simu mbili mkononi.

"Shuka," akasema.

Wakati huo huo wodi ikalipuka. Kelele, vyombo, mtu anaimba, mtu anapiga kitanda. Sikujua kama ni furaha au ni kilio, kwa mbali vinafanana. Kwangu mpigaji ndiyo kwanza anaweka mpira chini.

"Baba?"

"Ngoja. Usiseme. Ngoja ukufikie."

"Nimesema shuka," akasema Filimbi.

"Dakika moja, bosi. Nifukuze, lakini dakika moja." Sijui aliona nini usoni mwangu. Alisimama na filimbi yake kifuani, hakuipuliza.

Sikuwahi kukaa dakika ndefu kuliko hiyo. Nilimsikia Baba anapumua, amezungukwa na watu wanaopiga kelele, yeye peke yake kanyamaza. Mpigaji akarudi nyuma hatua tano. Akakimbia. Kipa akaenda kulia, mpira ukaenda kushoto, ukagusa mwamba, ukaingia.

"GOLI!" Nilipiga kelele mpaka bati likaitika, na Baba akapiga kelele palepale, pamoja na mimi, kana kwamba naye ameuona sasa hivi. Tulishangilia wawili tu. Wenzake walikuwa wameshachoka. Tulilia, tukacheka, yeye akakohoa.

Tumeshinda. Timu haijatolewa. Nikasubiri hukumu yake.

"Uko hapo?" akauliza.

"Nipo."

"Basi umeangalia na mimi." Akamwita nesi. "Binti, lete ile karatasi. Na umwambie daktari aje na kamba, mstari wangu nitaupima mwenyewe."

Nilishuka. Filimbi akanyoosha mkono nikampa simu zote mbili.

Jumatatu, 22 Juni

Nimefukuzwa. Kipaza nilimtetea, nikasema hakujua lolote. Yeye mwenyewe akakaa kimya mbele ya bosi mkubwa, jambo ambalo lilimtesa. Amebaki.

Filimbi alinipa pasipoti yangu. Akauliza, "Wamemkata wapi?"

"Chini ya goti. Ametoka salama, hajaamka vizuri."

"Baba yangu mimi anakaa mwendo wa saa moja tu kutoka hapa," akasema. "Sijaenda tangu msimu uanze." Akafunga kabati. Miaka minne nilimdhania ana ufunguo wa kutokea, kumbe naye ana wa kufungia tu.

Alhamisi, 25 Juni

Uwanja wa ndege. Fainali itachezwa nikiwa angani. Kipaza alinisindikiza mpaka kwenye basi akanipa foronya moja, kaiiba, ya kumbukumbu.

Jumamosi, 27 Juni

Simu niliizima tangu safari ianze. Kibonge alinipokea uwanja wa ndege ameziba masikio yake mwenyewe, sijui kwa nini yake. Alinifunga kitambaa machoni ndani ya teksi na kumwomba dereva asiwashe redio. Wodini wagonjwa wote walitutazama wakafyata midomo.

Baba amekonda. Shuka imelala bapa pale mguu ulipokuwa unapaswa kuwa, na kwa mazoea nikainyoosha pembe ya kulia. Alinishika mkono muda mrefu. Tulilia. Kisha akasema, "Fainali sijaona. Nilikuwa na dawa za usingizi, na baadaye nikawakataza wasiniambie. Nilikuwa nakungoja."

"Hata mimi sijaona," nikasema.

Si kweli. Kitambaa cha Kibonge kina matundu, na matokeo yalikuwa yameandikwa usoni mwa mtaa mzima. Na Baba naye hasemi kweli: kwenye kitanda cha jirani kuna gazeti la jana limekunjwa ukurasa wa michezo kwa ndani, kwa haraka. Tulitazamana. Kibonge akaweka marudio.

"Mistari imepigwa vizuri leo," Baba akasema.

Matokeo siyaandiki humu. Anaweza kusoma mtu ambaye hajaona.